Anza na chakula: kwa mwalimu anayeanza kufundisha habari za waliowaficha Wayahudi

Ukianza kufundisha mada hii, ya watu waliowaficha Wayahudi wasiuawe na Wanazi wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, utatamani kuanza na ujasiri. Usianze huko. Nimefundisha historia sekondari muda wa kutosha kuona kinachotokea: mwanafunzi akiambiwa walikuwa mashujaa, anaandika "mashujaa" kwenye daftari, kisha moyoni anajiambia hao hawakuwa watu kama sisi. Muulize kwanza hivi: watu wanane wamejificha mjini, wanakula nini, na nani anakinunua?

Chukua Amsterdam. Kuanzia Julai 1942 familia ya Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara mafichoni, na baadaye Wayahudi wengine wanne, waliishi nyuma ya ofisi ya baba yake, mtaa wa Prinsengracht. Uholanzi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na chakula kilinunuliwa kwa kuponi za mgawo. Aliyejificha hana kuponi. Miep Gies, karani wa ofisi ile, alizunguka madukani akitumia kuponi ambazo mumewe Jan alizipata kwa watu wa upinzani. Karani mwenzake, Bep Voskuijl, alishughulikia maziwa. Baba yake Bep alitengeneza kabati la vitabu lililoficha mlango. Muuza mboga Hendrik van Hoeve aliwapatia viazi bila maswali. Kumbe naye alikuwa amewaficha Wayahudi wawili nyumbani kwake. Alipokamatwa Mei 1944, wale wanane walibana chakula mara moja.

Chora mnyororo huo ubaoni, jina kwa jina. Darasa litaona kwamba kumficha mtu mmoja kulihitaji watu wengi, na kwamba wengi wao walifanya jambo dogo, tena kila wiki. Litaona pia kwamba mmoja tu akikosekana, wote wanayumba. Agosti 4, 1944 polisi waliingia. Kati ya wale wanane, Otto Frank peke yake ndiye aliyerudi hai.

Hatari haikuwa sawa kila nchi, na hapa walimu wengi huchanganya. Poland chini ya Wanazi, kumsaidia Myahudi aliyejificha kulikuwa na adhabu ya kifo. Katika kijiji cha Markowa, Machi 24, 1944, askari wa Kijerumani waliwaua Wayahudi wanane waliofichwa na Józef na Wiktoria Ulma, kisha wakawaua wenyeji wao pamoja na watoto wao sita. Wiktoria alikuwa mjamzito. Denmark mambo yalikuwa tofauti: Oktoba 1943 wavuvi na raia wengine waliwavusha Wayahudi zaidi ya 7,000 hadi Sweden, na wengi sana walifika salama. Sweden ilikuwa karibu, nayo iliwapokea. Jiografia nayo iliokoa watu, ifundishe.

Usiwaondoe wabaya kwenye somo. Majirani wa kawaida walificha, na majirani wa kawaida walichongea. Wapo waliodai pesa kila mwezi na zilipoisha wakawafukuza wageni wao. Mwanafunzi akiuliza kuhusu hao, mjibu kikamilifu. Na kama darasani una mtoto ambaye familia yake ilipitia mauaji ya Rwanda ya 1994, asilazimishwe kusimulia. Akitaka mwenyewe, mpe nafasi.

Mtakutana na orodha ya Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, yenye majina zaidi ya 27,000 ya waokoaji. Itumieni, ila someni masharti yake: mwokoaji awe si Myahudi, awe alijihatarisha, asiwe alifanya kwa ajili ya malipo, na pawe na ushahidi, hasa wa walionusurika. Maana yake Wayahudi waliookoa Wayahudi wenzao hawamo, ingawa walikuwa wengi. Na pale ambapo aliyeficha na waliofichwa waliuawa pamoja bila shahidi, mara nyingi hakuna jina la kuandika. Mwanafunzi akikuletea hesabu ya waokoaji nchi kwa nchi kutoka kwenye orodha hiyo, mwambie aongeze maelezo hayo chini ya jedwali kabla hujamsahihishia.