Unayeanza kuruka kwa parachuti, fikiria zaidi kutua

Karibu kila mwanafunzi anayekuja kujifunza huuliza kuhusu kuanguka kabla parachuti halijafunguka. Nitaweza kupumua? Tumbo litanipanda? Utapumua vizuri, na tumbo halitakusumbua kama unavyohofia, kwa sababu unapotoka mlangoni tayari una mwendo wa ndege. Baada ya sekunde kumi na kitu hivi mwendo wako hauongezeki tena, unabaki karibu kilomita 190 au 200 kwa saa, na unachohisi ni upepo mzito unaokubeba. Ukitoka kwenye futi 13,000, sehemu hiyo haifiki hata dakika nzima.

Dakika zinazofuata, ukiwa unaning'inia chini ya parachuti, hakuna anayeniuliza habari zake, na ndizo zinazovunja watu miguu. Wengi wanaoumia katika mchezo huu parachuti lao lilifunguka bila tatizo lolote. Waliumia wakitua.

Kuhusu kuanguka sina mengi. Sukuma nyonga mbele, inua kidevu, legeza mikono, na utazame altimita, kifaa kinachoonyesha kimo chako, kila mara. Mwalimu akikuonyesha vidole viwili, nyoosha miguu. Zoezi likiwa halijakamilika na altimita inasoma futi ya kufungulia, ambayo kwa mwanafunzi mara nyingi ni 5,500, achana na zoezi, fungua. Zoezi hurudiwa.

Likishafunguka, inua macho kabla ya kufurahia mandhari. Je, lina umbo lake kamili? Je, linaongozeka? Kamba zikiwa zimejisokota, usiogope: shika mikanda iliyo juu ya mabega, itanue, kisha piga mateke ujizungushe kinyume cha msokoto. Kisha vuta breki zote mbili, yaani kamba za kuongozea parachuti, moja kila upande, hadi chini, uziachie taratibu, ukate kona kulia na kushoto. Ukifika futi 2,500 na bado haliongozeki, uamuzi uwe umekwisha: macho kwenye kishikio cha kulia, kishike, vuta kuliachia parachuti kuu, kisha cha kushoto, vuta la akiba. Kipo kifaa kinachofungua la akiba chenyewe ukiwa bado unaanguka kwa kasi karibu na ardhi, lakini usikiingize kwenye hesabu zako. Fanya mazoezi ya mikono hiyo chini, umevaa vifaa, hadi mkono uende wenyewe.

Sasa kutua. Kabla ya kupanda ndege, tembea kwa miguu kwenye uwanja wa kutulia na ujionyeshe kwa kidole: hapa nitakuwa futi 1,000 nikienda na upepo, pale 600 nikikata kona ya kwanza, pale 300 nikigeuka kuukabili upepo. Mwalimu atakuongoza kwa redio, lakini redio huzima, hivyo mpango uwe kichwani mwako. Hali ya hewa ikiwalazimisha kusubiri, na mtasubiri sana, usikae kivulini na simu. Mara wenye uzoefu wakianza kuruka, simama kando ya uwanja uwatazame wanavyotua. Mtazame mmoja tangu futi 1,000 hadi miguu iguse chini, na ujiulize yeye aligeukia wapi na kwa nini.

Kuna kosa moja ninalotaka ulichukie: kukata kona ukiwa karibu na ardhi. Niliwahi kumwona mwanafunzi akigundua, akiwa kwenye kimo cha paa la nyumba, kwamba upepo unamsukuma kutoka nyuma. Akavuta breki moja kwa nguvu ageuke. Parachuti likalala upande, likapiga mbizi, naye akagonga ardhi kabla halijanyooka. Kifundo cha mguu kilivunjika. Angetua na upepo wake hivyo hivyo, moja kwa moja, angebingirika na kuchubuka magoti tu. Kwa hiyo ukiwa chini, la kwanza ni parachuti liwe sawa, halijainama. La pili ni uwanja wazi mbele yako. La tatu ni kuvuta breki angalau nusu. Mwelekeo wa upepo unakuja baada ya hayo yote.

Breki zote mbili zivute ukiwa kama mita tatu au nne juu, macho yakiwa mbele, si miguuni. Ukizivuta mapema, zishikilie hapo hapo, usiziachie, maana ukiziachia parachuti litakurusha chini. Miguu ibane pamoja, magoti yalegee kidogo, na ukigusa ardhi jiachie kwa ubavu: nyayo, shavu la mguu, paja, nyonga, mgongo. Usinyooshe mkono kujizuia.

Baadaye utawaona wenzako wakihamia maparachuti madogo, nawe utatamani. La mwanafunzi ni kubwa kwa makusudi, linakwenda polepole na linasamehe. Dogo linakwenda kasi, na kosa lile lile litakugharimu zaidi. Baki na kubwa mpaka uweze kutua pale ulipopanga, upepo ukiwepo na upepo usipokuwepo, kisha ukamwulize mwalimu wako kama ni wakati wa kupunguza ukubwa.