Maswali na Majibu: Anayefyeka Msitu Mkavu Anataka Nini?

Barua nyingi za safari hii zinahusu misitu mikavu ya tropiki, ile inayopata mvua kwa msimu kisha ikakaa miezi kadhaa bila tone. Maswali nimeyafupisha.

Mbona mnaulilia msitu ambao nusu ya mwaka umebaki vijiti?

Miti hupukutisha majani ili isipoteze maji. Mvua ikirudi, utashangaa. Menabe, magharibi mwa Madagaska, ndiko kwa lemuri panya wa Berthe, mdogo kuliko wanyama wote wa jamii ya kima na nyani: uzito wake ni gramu 30 hivi. Msitu wake unachomwa ili palimwe mahindi, tena ndani ya eneo la hifadhi. Misitu hii hutangulia kuisha kwa sababu ni rahisi kuichoma, na udongo wake mara nyingi unafaa kilimo na malisho. Mwaka 1988 mwanaikolojia Daniel Janzen aliandika kwamba upande wa Pasifiki wa Amerika ya Kati ulikuwa umebakiwa na chini ya asilimia 2 ya msitu wake mkavu ukiwa katika hali nzuri.

Setilaiti zinaona kila kitu. Kwa nini wafyekaji hawakamatwi?

Kwanza, haziwezi kuona kila kitu. Kiangazi kikikolea, msitu uliopukutika na shamba lililofyekwa jana hufanana pichani. Mchunguzi makini hulinganisha mwezi uleule wa miaka tofauti, au hutumia rada, ambayo haizuiwi na mawingu wala moshi.

Lakini tuseme picha ni safi na askari wamefika. Watamkuta nani? Kibarua. Katika Chaco, msitu mkubwa unaoenea Argentina, Paraguay na Bolivia, matrekta mawili hufungwa mnyororo mzito katikati na kuangusha kila kilicho njiani. Aliyelipia mafuta yake hayupo pale. Yeye anasubiri ardhi, na faini ikiwa ndogo kuliko thamani ya ardhi hiyo, ataihesabu kama gharama nyingine ya shamba.

Kwa hiyo swali langu huwa moja: baada ya kufyeka, anaruhusiwa kufanya nini hapo? Desemba 2020 Argentina ilipitisha sheria iliyokataza kwa miaka 60 kubadili matumizi ya msitu wa asili uliochomwa. Sheria ya namna hiyo, ikisimamiwa, inamnyima mchomaji kile hasa alichokifuata. Ikiishia upande mmoja tu wa nchi, shida huhama: Paraguay ilipiga marufuku ufyekaji mashariki mwaka 2004, na Chaco, upande wa magharibi, ikaendelea kufyekwa.

Wachoma mkaa wafukuzwe?

Tuwatofautishe. Miti mingi ya misitu mikavu huchipua kwenye kisiki, na anayekata michache na kuiacha ipumzike anaweza kurudi pale baada ya miaka. Hatari ni mkaa unaolipia ufyekaji: mtu anataka shamba, anauza mkaa, na fedha hiyo inamalizia kazi. Ukimfukuza mchomaji tu, mwenye shamba ataleta mwingine.

Sheria ya Ulaya ya mazao yasiyotokana na ukataji misitu itasaidia?

Kiasi. Ilipitishwa mwaka 2023 na inagusa ng'ombe, soya, kahawa, kakao, mawese, mpira na mbao. Mahindi hayamo. Msitu kwake ni miti inayozidi mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, kwa hiyo vichaka vifupi vya nchi kavu vinaweza kuponyoka. Na utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja.

Palipofyekwa tupande miche?

Msiikimbilie. (Najua picha za viongozi wakishika koleo zinapendeza.) Huko Guanacaste, Costa Rica, malisho yalikuwa yamejaa jaragua, nyasi za asili ya Afrika zinazowaka kama petroli. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Janzen, Winnie Hallwachs na wenzao walielekeza nguvu kwenye kuzima moto, na ng'ombe wakatumika kupunguza nyasi. Mbegu zililetwa na upepo na wanyama. Msitu ukarudi, na mwaka 1999 eneo hilo likaingia kwenye Urithi wa Dunia. Pasipo na mti wa mbegu karibu, hapo sawa, pandeni.

Nasikia tingatinga likinguruma msituni. Nifanye nini?

Usiwaendee. Ukiwa mbali na salama, piga picha na uandike tarehe, saa na mahali simu inapoonyesha. Kisha uliza ofisi husika kama kuna kibali, na mipaka yake ni ipi. Usiridhike na jibu la "kibali kipo", maana kibali halali cha eneo dogo huweza kutumika kufunika eneo kubwa. Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri. Mvua za kwanza zikinyesha, angalia tena kama kuna uzio au nyasi za malisho zilizopandwa, na hilo nalo liripoti.