Ukienda kwa mkaangaji wa kahawa mjini Mombasa

Anayepanga kutembelea mkahawa mdogo unaokaanga kahawa yake wenyewe, ningemshauri kwanza aende siku ambayo mashine inafanya kazi. Apige simu au apite mapema aulize, kwa kuwa mikahawa midogo haikaangi kila siku. Hukaanga kiasi kinachoweza kuisha, kisha mashine huzimwa hadi akiba ipungue. Anayefika siku ya kukaanga huona kwa macho yake kile anachokilipia, na humpata mwenye kazi mwenyewe, ambaye ana majibu ambayo mhudumu wa kaunta pengine hana.

Linaloonekana hapo linastahili subira. Buni, yaani kahawa mbichi, huingia katika pipa la mashine ikiwa na rangi ya kijani iliyopauka, na kwa dakika za mwanzo hakuna harufu ya kahawa hata kidogo, bali ya majani makavu, kwa sababu moto bado unayafukuza maji yaliyomo ndani ya punje, ambayo ni kama asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Rangi hugeuka manjano na harufu ikawa ya mkate unaookwa, kisha huja rangi ya hudhurungi. Na joto linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, punje huanza kualika kama bisi, moja moja kwanza, halafu kwa wingi. Nimemtazama mkaangaji mmoja katika dakika hizo akichomoa kijiko kirefu cha kuchotea punje, akikinusa, akikielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kukirudisha, tena na tena, hadi alipofungua mlango wa pipa na kahawa yote ikamiminika kwenye sinia la kupozea huku makapi membamba yakiruka hewani. Tafadhali usimsemeshe mtu wakati huo, kwani kuchelewa kwa nusu dakika tu hubadilisha ladha ya mzigo mzima.

Sinia likishapoa, uliza. “Kaka, hii imetoka wapi?” ni swali la kawaida, na jibu lisiishie kwenye jina la nchi. Mkaangaji makini atakutajia kaunti, iwe Nyeri, Kirinyaga, Murang'a au Kiambu, na mara nyingi atakutajia pia chama cha ushirika, kiwanda kilichoiosha kahawa hiyo, na kama ni ya msimu mkuu wa mwisho wa mwaka au ya ule mdogo. Atakueleza aina ya mbuni: SL28 na SL34, ambazo mizizi yake ni utafiti wa miaka ya 1930, au Ruiru 11 na Batian, zilizozalishwa baadaye ili zistahimili magonjwa. Alama ya AA kwenye mfuko isikupumbaze. Inahusu ukubwa wa punje, nayo PB ni ile punje moja ya mviringo inayokua peke yake ndani ya tunda badala ya mbili. Nimekunywa AB, yenye punje ndogo zaidi, iliyoishinda AA kwa mbali. Nasi watu wa Pwani tusidhani kwamba kilimo hiki ni habari ya bara pekee, kwa maana mapadre Wakatoliki walipanda kahawa kule Bura, Taita, mwaka 1893, kabla haijaenea katika nyanda za juu.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi tu: kilo 10 za buni hutoka kwenye mashine zikiwa kilo 8 na nusu hivi, na tofauti hiyo lazima mtu ailipie.

Ukikaa kunywa, agiza kwanza kikombe cha kahawa ya kuchuja, bila maziwa wala sukari. Sisi tuliolelewa na kahawa ya dele, iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi na kuchemshwa na tangawizi, tukainywa kwa kashata au tende, hushtuliwa na uchachu wa kahawa iliyokaangwa kidogo, ambao huelekea ule wa balungi. Uchachu huo si dalili ya kuharibika. Ndio sifa inayowafanya wanunuzi wa nje waitafute kahawa ya Kenya. Iache ipoe kidogo, maana ladha nyingi hujitokeza kikombe kinapokuwa vuguvugu. Ikiwa bado hukuipenda, omba iliyokaangwa zaidi, au omba sukari, na mkahawa unaomfanya mteja aone haya kwa ombi hilo sioni kama unastahili kurudiwa.

Unaponunua ya kwenda nayo nyumbani, tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye mfuko, si tarehe ya mwisho wa matumizi. Iliyokaangwa leo haifai kunywewa leo, kwani bado inatoa gesi ya kaboni dioksaidi inayozuia maji kuingia vizuri katika unga. Ipe siku nne hadi saba, kisha jaribu kuimaliza ndani ya mwezi. Kwa unyevu wa hewa yetu ningesema nunua gramu 250 tu kila mara, zikiwa punje nzima, uzisage unapotaka kunywa, na uzihifadhi kwenye chombo kinachofunga kabisa, ndani ya kabati. Friji haifai: kila chombo kinapotolewa na kufunguliwa katika joto letu, matone ya maji hujikusanya juu ya punje.

Lililobaki ni maji, na hapa Mombasa ndilo linaloharibu kahawa nzuri nyingi, kwa kuwa mitaa mingi hutegemea visima vyenye chumvi, nayo zaidi ya asilimia 98 ya kikombe ni maji. Tumia maji matamu ya kunywa, yachemshe, uyaache kwa dakika moja hivi, kisha tumia gramu 15 za unga kwa mililita 250. Mwulize mkaangaji anatumia maji gani, na kama huna mizani, nenda na kijiko chako cha nyumbani umwombe akupimie hizo gramu 15 pale pale kaunta, ili ujue ni vijiko vingapi.