Utingo mpya, Lubumbashi ina baridi: namna ya kulala nje mwezi wa sita

Kijana anayepanda lori Dar kwa safari yake ya kwanza ya Kongo hubeba shuka moja na kandambili, kwa kuwa kaambiwa Kongo kuna joto. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti mvua hakuna. Mchana utatembea na fulana. Usiku anga halina wingu, ardhi inaachia joto lake lote, na kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Baridi yenyewe haiumi sana saa 6 usiku. Inauma saa 11 na saa 12 alfajiri, kabla jua halijatoka. (Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, huku hawafuati saa ya Dar.)

Dereva ana kitanda ndani ya kichwa cha lori. Wewe unayelinda mzigo yadi ndiye wa nje, kwa hiyo maneno haya ni yako.

Anza na cha kulalia, cha kujifunikia baadaye. Wageni wengi hujirundikia blanketi tatu juu huku mgongo uko kwenye zege, halafu wanashangaa kwa nini wanatetemeka. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyotulia ndani ya blanketi. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa hiyo yote, na zege linakunyonya joto usiku kucha. Tafuta kitu kisichobanika kirahisi. Maboksi ya katoni ndiyo ya kwanza, maana yana mifereji ya hewa katikati: yakunjue, panga tabaka tano au sita, na viungo vya tabaka moja visikutane na vya tabaka linalofuata. Chini kabisa tanguliza nailoni, kwa sababu boksi lililonyonya unyevu halina kazi tena. Ukipata paleti ya mbao, weka maboksi juu yake. Paleti tupu inapitisha upepo chini ya mbavu. Penye nyasi kavu, jaza viroba viwili vya kilo 50, shona midomo, vilaze sambamba. Vikishabonyea viwe bado na unene wa shubiri moja, la sivyo ongeza nyasi.

Safari ya kurudi ina mtego wake. Mzigo ni shaba, imefungwa vizuri, bapa kama kitanda, na ukilala juu yake hakuna atakayeigusa bila wewe kujua. Lakini shaba hupitisha joto zaidi ya mara nne kuliko chuma, na chuma chenyewe unakijua. Kama bosi anataka ulale juu ya mzigo, maboksi yawe mara mbili ya yale ya chini, na usiache kisigino wala kiwiko kikagusa shaba.

Chini ya tela je? Ni kweli pana nafuu: umande haukufikii, na tela linazuia joto lisipotelee angani. Hata hivyo usilale hapo, si yadi wala kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Foleni husogea usiku bila honi, na dereva aliyeamshwa ghafla hachungulii chini kwanza. Kwenye foleni lala ndani ya kichwa, hata kama ni kwa kujikunja kwenye kiti. Yadi, tafuta ukuta unaozuia upepo, mahali gari haliwezi kupita, na mwonyeshe dereva mahali hapo kabla hajalala.

Blanketi mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito. Moja ikunje kwa urefu, shona upande wa miguuni, kisha panda na ubavu mpaka usawa wa nyonga tu. Hapo juu pabaki wazi ili ukisikia mtu anachezea kamba za turubai utoke kwa mara moja. Usijifunike nailoni gubigubi. Jasho linagandia ndani na alfajiri blanketi limelowa. Turubai litundike juu yako, lisikuguse.

Nguo ulizofungia mzigo usilale nazo, hata kama unaziona kavu. Zina jasho. Badilisha fulana na soksi, vaa kofia ya sufu, na soksi zisibane, maana mguu uliobanwa haupati damu. Kula bukari (ugali wa huku) ushibe. Pombe kali inakudanganya: inaleta damu kwenye ngozi, unasikia joto, kumbe joto linatoka. Mkojo ukikubana, amka. Kuubana hakukupi joto, kunakunyima usingizi.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu inasaidia sana. Maji yawe ya moto lakini yasiwe yanachemka, kwani chupa inasinyaa na kifuniko kinavuja. Ivalishe soksi, iweke katikati ya mapaja.

Sasa jiko la mkaa, ambalo huku wanaliita mbabula. Usiliingize ndani ya kichwa cha lori, hata dakika kumi, hata ukifungua kioo kidogo. Mkaa uliokolea usiotoa moshi ndio hatari zaidi, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unalegea, unasinzia, basi. Jiko libaki nje, mbali na malori ya mafuta na ya salfa, na ulizime kabla ya kulala.

Mwenzako akitetemeka, bado ana nguvu. Akiacha kutetemeka huku anaongea ovyo na kuyumba, hapo ni hospitali. Wakati gari linatafutwa, mvue nguo zenye unyevu, mfunge blanketi mpaka kichwani, uso ubaki wazi, umlaze juu ya maboksi. Kama anameza vizuri mpe chai ya sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimsogeze motoni.

Asubuhi usikunje kitu chochote kabla ya saa 3. Anika maboksi na blanketi juani, geuza pande zote mbili, kisha funga kwa kamba na uweke nyuma ya kiti, maana mkipakia shaba utavihitaji tena Kasumbalesa.