Jibu: Kuchaji baiskeli za umeme kambini Kigoma

Mkuu, umeuliza kama baiskeli zenu mbili za umeme zitapata chaji mkipiga kambi ufukweni Kigoma. Inawezekana, ila piga hesabu kwanza. Betri ya volti 36 yenye Ah (ampea-saa) 13 inabeba takriban wati-saa 470. Paneli ya sola ya wati 100 itajaza moja tu, tena kwa siku nzima ya jua kali. Mimi ningeomba soketi kwa mwenye eneo la kambi, nimlipe, yaishe. Betri ichajiwe kivulini, isiachwe kwenye hema lililofungwa mchana.

Ujiji mtafika bila shida, ni jirani na mji. Hifadhi ya Gombe sahau baiskeli, kule hakuna barabara, ni boti tu. Na vile vilima vya Kigoma vinakula chaji hatari!