Kabla ya kuchagua motokari, angalia kwanza prizi ya nyumbani

Tangu bei ya esansi (petroli) ianze kupanda tena, barua nyingi zinazonifikia zinauliza jambo moja: sasa tununue motokari gani? Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, hatuchimbi mafuta wala hatuyasafishi. Yanakuja kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mengi yakiwa yametoka bandari ya Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 2,000. Bei ya stesheni za mafuta inapangwa na serikali kwa kanda, nasi tuko kanda ya Kusini. Lakini siku stesheni zinapokauka, bei inapangwa na Kadhafi, ndivyo tunavyomwita muuza esansi aliyekaa kando ya barabara na bidoni zake. Kwa hiyo katika majibu haya nimehesabu lita na yuniti za umeme (kilowati-saa) tu. Bei ya siku utaiweka wewe.

Yaya (mkubwa wangu), mimi ni dereva wa teksi, Katuba hadi mjini. Nina Toyota Ist. Wenzangu wawili wamenunua Aqua ya haibridi, wanasema stesheni wameisahau. Ni kweli?

Wametia chumvi, lakini msingi wa maneno yao ni wa kweli. Haibridi ya namna ya Aqua ina injini ya esansi pamoja na mota ya umeme, na haichomekwi popote. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa dinamo na kurudisha nguvu kwenye betri. Ukikaa kwenye foleni, injini inazima yenyewe. Kazi ya teksi ni breki na foleni kutwa nzima, ndiyo maana haibridi inakufaa wewe kuliko mtu mwingine yeyote aliyeniandikia.

Fanya hesabu. Ist mjini, pamoja na mashimo na kusimama kila mita mia, inakunywa karibu lita 9 kwa kilomita 100. Aqua iliyo nzima inakaa kwenye lita 5. Ukitembea kilomita 150 kwa siku, ni lita 13 na nusu dhidi ya 7 na nusu. Lita 6 kila siku, siku 26 za kazi: lita 156 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya leo, halafu tazama ni miezi mingapi itarudisha pesa utakayoongeza juu ya Ist yako.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Betri ya haibridi inapozwa kwa hewa, na hewa hiyo inaingia kwenye kitundu chenye matundumatundu kando ya kiti cha nyuma, kule chini ambako abiria wanasukumia mifuko. Mwaka jana kiangazi kilipokuwa kikali, dereva mmoja alikuja kwangu akiwa ameshaambiwa betri imekufa na lazima anunue nyingine. Taa ya pembetatu nyekundu ilikuwa inawaka. Tulitoa kiti, tukafungua feni. Nilitoa humo tonge la vumbi letu jekundu lililogandamana na nyuzi za kiti na maganda ya karanga, unene wa kidole. Feni ilikuwa inazunguka bila kuvuta kitu. Tuliisafisha kwa brashi na kwa hewa ya kompresa, tukafuta kosa kwa mashine, na taa haikurudi. Anaendesha hadi leo. Kwa hiyo ukinunua haibridi ya kubebea watu, safisha ile feni kabla ya kiangazi kuanza na mara nyingine katikati yake, na usimruhusu abiria kuziba kitundu.

Betri pia huzeeka kweli. Ya Aqua ina vipande 20 vilivyofungwa pamoja, na kimoja kikichoka kinawaangusha wenzake. Wapo mafundi wanaobadilisha kile kimoja tu. Hicho ni kiraka: kitakusogeza miezi kadhaa, kisha kinafuata kingine. Weka akiba ya betri nzima tangu siku ya kwanza. Na waya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi yeyote asiyejua kutoa plagi ya usalama na kungoja dakika kumi kabla ya kufungua. Umeme ule unaua.

Mimi ni mwalimu, nakaa komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Vitz yangu ni ya 2004. Natembea kilomita 20 kwa siku, shule na nyumbani. Niiuze nichukue haibridi?

Hapana, Mwalimu. Kwa kilomita 20 utaokoa chini ya lita moja kwa siku, na pesa utakayoongeza haitarudi miaka mingi. Kaa na Vitz yako, lakini mwulize fundi swali hili: themostati iko wapi?

Ninauliza kwa sababu ni ugonjwa wa mji huu mzima. Motokari ikichemka mara moja, fundi anaitoa themostati na kuitupa, anakuambia kwetu ni joto, haina kazi. Ina kazi kubwa. Ndiyo inayozuia maji yasipite kwenye radieta mpaka injini ipate moto. Bila hiyo, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba injini yako inafika shuleni ikiwa bado baridi, na kompyuta inaendelea kuizidishia esansi njia nzima kama mtu anayelisha moto usioshika. Safari fupi kama zako ndizo zinazoumia zaidi. Rudisha themostati, tengeneza kile kilichofanya ichemke, badilisha filta ya hewa inayojaa vumbi, na upime upepo wa matairi kila wiki mbili. Nimewaona watu wakiacha kulalamika baada ya hayo tu.

Mimi ni mama mfanyabiashara, nakaa mtaa wa Golf. Nataka motokari ya umeme mtupu, niachane na esansi. Nina umeme wa SNEL, shirika la taifa, na nina paneli chache za jua. Unanishauri nini?

Mama, swali lako ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, maana umetaja umeme kabla ya kutaja motokari.

Motokari ya umeme ya ukubwa wa kawaida inatumia karibu yuniti 18 kwa kilomita 100, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Prizi ya ukutani ya ampea 10 inatoa yuniti 2 na kidogo kwa saa. Umeme ukilala nawe usiku mzima, saa kumi, unaamka na kilomita 120. Zinatosha mjini na zinabaki. Lakini SNEL ikikupa saa nne tu, una kilomita 50. Basi kabla ya kulipa chochote, chukua daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila usiku umeme umekuja saa ngapi na umeondoka saa ngapi. Andika pia kama taa zinafifia jioni, kwa sababu chaja nyingi zinakataa kufanya kazi volti zikishuka sana. Daftari hilo litakupa jibu la kweli kuliko mimi.

Kisha mwite fundi wa umeme apime waya wa ardhi, ule tunaouita tere. Nyumba nyingi zetu hazina tere inayofanya kazi, au ipo kwenye prizi bila kwenda popote. Kebo ya kuchaji inaipima kabla ya kuanza. Isipoiona inawasha taa nyekundu na kukaa kimya, na watu wanadhani motokari imekufa.

Kuhusu jua: paneli kumi za wati 400 kwa siku nzuri zinakupa kama yuniti 15, yaani kilomita 80 hivi. Ila jua linawaka mchana, na mchana motokari yako iko mjini kwenye biashara. Ni lazima uwe na betri za nyumbani za kuweka ule umeme mpaka jioni, na hizo ndizo ghali. Kama unaweza kuiacha motokari nyumbani kwenye parseli mchana siku tatu kwa wiki, hesabu inabadilika kabisa na ninakuambia nunua. Kama huwezi na daftari lako linaonyesha usiku wa giza, chukua haibridi, ungoje.

SNEL ikikata, si nitachaji kwa grupu (jenereta)?

Grupu ndogo ya esansi inatoa karibu yuniti 2 kwa lita moja. Kilomita 100 zinataka yuniti 18. Hiyo ni lita 9, sawa na Ist ya ndugu yetu wa Katuba, pamoja na kelele na moshi kwa majirani. Kwa dharura sawa, lakini usiifanye kuwa mpango wako.

Nimeona Nissan Leaf za bei nafuu zinauzwa Dar es Salaam. Nichukue moja niilete?

Bei ni nafuu kwa sababu fulani, na sababu hiyo imeandikwa mbele ya dereva. Washa motokari, tazama kipimo cha betri upande wa kulia. Pembeni yake kuna visanduku vidogo 12 vilivyopangwa wima. Hivyo havionyeshi chaji ya leo, vinaonyesha uzima wa betri yenyewe. Leaf za mwanzo, zilizotoka kuanzia mwisho wa 2010, zilikuwa na betri ya yuniti 24 isiyopozwa kwa maji wala kwa feni, na joto linaichakaza. Ikibaki na visanduku 8, theluthi moja ya betri imekwenda. Usitegemee zaidi ya kilomita 80. Likasi iko kilomita 120. Utabaki njiani.

Mwambie anayekununulia akupigie video ya visanduku hivyo motokari ikiwa imewashwa. Picha tu usikubali. Hakikisha kebo yake inaruhusu volti 220, maana nyingine ni za volti za Kijapani peke yake. Na kumbuka usukani uko kuume, nasi tunaendesha mkono wa kuume. Kupita lori kwenye barabara ya Kasumbalesa ukiwa umekaa upande ule ni kuweka kichwa cha abiria wako mbele. Uliza pia dwane (forodha) kuhusu umri wa motokari na usukani kabla ya kutuma pesa.

Ninaleta samaki kutoka Kasenga kwa pikapu ya mazutu (dizeli). Kuna haibridi ya kazi yangu?

Kwa mzigo wako, njia ile na mvua ile, baki na mazutu. Kwenye safari ndefu bila breki nyingi faida ya haibridi inapungua sana hata kwa motokari ndogo. Wewe linda injekta: toa maji kwenye filta ya mazutu kila wiki, na usinunue kwa bidoni isiyoonyesha rangi ya kilichomo. Injekta zilizoharibika kwa mazutu yaliyochanganywa zitakugharimu kuliko kupanda kwa bei kwa mwaka mzima.

Mimi ni kijana wa Kolwezi. Babangu mdogo ni kreseri, mchimbaji mdogo wa madini. Nikisikia motokari ya umeme nawaza mashimo yetu. Kununua hiyo si kununua mateso yetu?

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara nyingi kabla ya kujibu. Kobalti nyingi ya dunia, karibu asilimia 70, inatoka katika ardhi ya nchi yetu, na sehemu kubwa ya hiyo ni kwenu na kwetu huku. Kule Kasulo, mtaa wa kwenu Kolwezi, watu walichimba hadi chini ya sakafu za nyumba zao. Na umeme wa bwawa la Inga unapita kilomita 1,700 kwa waya uliowashwa mwaka 1982 kuja Kolwezi, ulijengwa kwa ajili ya migodi, huku kuna watu wa kartie (mitaa) zilizo chini ya nguzo zile wanaowasha mshumaa. Hasira yako ni ya haki.

Lakini ujue mambo mawili. Si kila betri ya motokari ina kobalti. Ziko za chuma na fosfati, ambazo motokari nyingi za Kichina zinatumia, na hazina hata chembe yake. Nazo zinavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo hata kwa mfuko ni chaguo zuri. La pili, babako mdogo hatapata shimo salama kwa sababu wewe umenunua esansi. Atalipata siku bei, mizani na kifusi vitakaposimamiwa na mtu asiyemwibia. Usiyaweke mabega yako peke yake chini ya mzigo huo, ila usiache kuuliza.

Mimi ni wa taxi-moto (pikipiki ya abiria), Ruashi. Moto ya umeme inafaa, au ni ya watu wa Kigali tu?

Kwa maoni yangu, ninyi ndio mtakaoona faida ya umeme kabla ya wenye motokari. Moto ya umeme inatumia yuniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100, mahali ambapo yako inachoma lita 2 na zaidi. Betri yake katika aina nyingi inatoka: unaibeba, unaichomeka chumbani au kwa rafiki aliye kwenye laini nzuri, na saa nne za umeme, zile zisizomtosha mama wa Golf, wewe zinakujaza. Kigali kumekuwa rahisi kwa sababu wana vituo vya kubadilisha betri: unaacha tupu, unachukua iliyojaa, unaondoka kwa dakika chache. Hapa bila kituo utahitaji betri mbili zako mwenyewe, na bei ya hiyo ya pili ndiyo ya kuuliza kwanza.

Usinunue peke yako. Tafuta wenzako wanne au watano wa parkingi yako, nunueni aina moja, betri ziingiliane. Mmoja akae karibu na umeme mzuri. Na kabla ya kutoa pesa, muuzaji awaonyeshe kwa macho chaja ya akiba, tairi la akiba na breki za akiba zikiwa hapa Lubumbashi, juu ya meza.