Tamthilia ya Historia Isikike Barazani Kabla ya Kupanda Jukwaani

Mama mmoja aliyeketi nyuma kabisa, karibu na mlango, ndiye aliyeibomoa tamthilia yangu kwa swali moja. Tulikuwa tumeisoma mbele ya watu wapatao hamsini mjini Pangani, na mazungumzo yalikwisha kuanza kupoa, aliponiuliza: “Mwalimu, huyu Abushiri wako ana shamba la miwa, na kila mara tunaambiwa shamba ni kubwa. Miwa yenyewe anaikata nani?” Sikuwa na jibu. Katika wahusika 19 na kurasa 94, hapakuwa na hata mmoja aliyeshika panga la kukatia miwa.

Nawaandikia watunzi wenzangu wanaotunga habari za watu waliopata kuishi kweli, kwa sababu wengi wetu hukimbilia mavazi na mazoezi kabla mswada haujasikika kwa masikio ya watu wengine. Usomaji wa hadhara hauna gharama kubwa. Waigizaji wachache huketi na mswada mkononi, husoma bila mapambo wala miondoko, na mtu mmoja husoma maelekezo ya jukwaani. Kinachohitajika ni viti, nakala, chai na vitumbua. Faida yake ni kwamba kosa linalogunduliwa hapo hurekebishwa kwa kalamu, ilhali kosa lilelile likigunduliwa usiku wa onyesho huwa limekwisha kushonewa kanzu na kulipiwa ukumbi.

Kisa changu ni cha vita vya Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekeana na Zanzibar. Mnamo Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani kwa miaka 50, na Agosti mwaka huohuo wakala wa Kampuni hiyo mjini Pangani, Emil von Zelewski, akaanza kutawala kwa ubabe uliowaudhi hata wale waliokuwa tayari kuvumilia. Abushiri bin Salim akaibuka kuwa kiongozi anayejulikana kuliko wote, akapigana hadi alipokamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa palepale Pangani. Nilitaka kumwandika kama shujaa. Nilijua vilevile kwamba Bismarck, Chansela wa Ujerumani, aliyaita mapigano hayo uasi wa Waarabu wafanyao biashara ya watumwa, na kwamba kwa hoja hiyo Bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2 mnamo Januari 1889, fedha zilizomwezesha kamanda wa Kijerumani Hermann Wissmann kuja na askari aliowaandika Misri na Msumbiji. Kwa kuogopa kusema lugha ya Bismarck, niliwafuta watumwa wote katika mchezo. Shamba likabaki, miwa ikabaki, na watu waliolima wakatoweka, kana kwamba sukari ya Pangani ilijipika yenyewe. Nilikuwa nimeusoma mswada ule peke yangu mara nyingi mno nisione pengo hilo, na yule mama aliliona kwa kusikia mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuupeleka mswada kwa watu waliomrithi mhusika wako, na si kwa marafiki zako wa chuoni peke yao. Marafiki zangu walisifu misemo. Wazee wa Pangani walihoji upepo, kwa kuwa nilikuwa nimeandika jahazi likiingia mlango wa mto kwa tanga katika majira ambayo upepo hauliruhusu. Tena usidhani kwamba unawaletea historia wasiyokuwa nayo. Mzee mmoja alianza kughani beti za utenzi ambao Hemedi bin Abdallah al-Buhry alitunga kuhusu vita hivyohivyo, na nakiri kwamba baada ya kuusikia mwendo wa mizani ile, hotuba ndefu za Abushiri wangu zilisikika kama taarifa ya mkutano wa kijiji.

Ushauri wa pili ni kwamba usisome mwenyewe. Mtunzi akisoma, sauti yake huziba mashimo, kwa kuwa anajua alichokusudia kusema hata pale ambapo hakukisema. Keti pembeni, nakala yako ikiwa na ukingo mpana, na uwatazame watu badala ya kutazama karatasi. Kila walipoanza kujipepea kwa vipeperushi nilipiga mstari, na nilipoihesabu baadaye nikakuta kwamba karibu mistari yote imeangukia mahali ambapo wahusika walikuwa wakielezana mambo wanayoyajua. Kulikuwa na ukurasa mzima ambapo Bwana Heri wa Saadani, kiongozi mwingine wa vita hivyo, alimfafanulia Abushiri mkataba wa Sultani kifungu kwa kifungu, kana kwamba Abushiri mwaka ule alikuwa anaishi Bara Hindi. Utafiti wangu ndio uliokuwa ukizungumza hapo, na ukurasa ule nimeuondoa.

Jambo jingine ambalo macho peke yake hayangelifichua ni Zelewski. Nilimpa Kiswahili kilichovunjika, nikidhani kwamba kitamdhalilisha. Watu walicheka, na walicheka sana, lakini alipofika kwenye kisa cha kuingiza mbwa msikitini, ambacho masimulizi ya pwani yanakikumbuka kwa uchungu, bado walikuwa wakicheka. Mtu anayechekwa haogopwi tena. Katika mswada mpya anazungumza Kiswahili safi kabisa, taratibu, na mbwa wake hawaonekani, wanatajwa tu. Kosa hilo lilizidishwa na uamuzi wangu wa kumpa msomaji mmoja nafasi ya Zelewski na ya Lloyd Mathews, yule Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani. Wasikilizaji hawakujua ni Mzungu yupi anayetisha na ni yupi anayesuluhisha. Wasomaji saba wanaweza kubeba wahusika 19, ila wale wanaokutana katika onyesho moja wasipewe sauti moja.

Kabla ya kuanza, waeleze watu ni lipi limeandikwa katika kumbukumbu na ni lipi ulilobuni. Mimi nilikuwa nimewakutanisha Abushiri na Bwana Heri usiku mmoja kando ya moto, mazungumzo niliyoyatunga kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikulisema hilo mpaka nilipoulizwa. Niliona nyuso zikibadilika. Kubuni si dhambi katika tamthilia, ila hadhira inayohisi kwamba imefichwa jambo huacha kukusikiliza na kuanza kukukagua.

Kuhusu saa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na ni la aibu. Tulianza saa kumi na robo alasiri, nikikadiria saa moja na nusu. Adhana ya magharibi ilitukuta Abushiri akiwa bado hajakamatwa, na nusu ya ukumbi ikaondoka, kwa haki kabisa. Pima muda kwa kusoma kwa sauti, usikadirie kwa kurasa, na kama mji ni wa pwani anza baada ya sala ya isha.

Mazungumzo ya mwisho yaongozwe na mtu mwingine. Maswali matatu ya mwanzo niliyajibu kama wakili, na kila nilipojitetea mkono mmoja zaidi ulishuka. Wala msiwaulize watu kama wameupenda mchezo, kwa sababu watu wetu wana adabu na watakujibu mashaallah. Waulizeni ni wapi walichoka, ni nani hawakumwamini, na ni nani walimtafuta wasimwone. Swali hilo la tatu ndilo lililomfanya yule mama ainue mkono.

Mswada sasa una kurasa 71. Unaanza shambani alfajiri, kabla Abushiri hajaamka, na mkata miwa ndiye anayezungumza kwanza. Habari ya bendera ya Kampuni kupandishwa mjini inapomfikia, hajui bado kama vita hivi ni vyake. Nimempelekea yule mama nakala ya onyesho hilo, na amenirudishia na neno moja lililokatwa kwa kalamu nyekundu: nilikuwa nimempa mkata miwa viatu.